Miaka Mitatu au Mmoja

Ihanja,
3 Julai 2024

Kwa Mama Mdogo Felista,

Shikamoo. Natumaini hujambo na kazi za hapo Manyoni zinakwenda vizuri. Sisi huku wazima. Alizeti tumemaliza kuvuna, sasa tunapiga na kupepeta, na baba analalamika mgongo kama kawaida yake ya mwezi huu.

Najua utashangaa kupokea barua ya karatasi. Simu yangu nimeiuza. Nilihitaji ada ya maombi ya vyuo na nauli ya kwenda Singida mara tatu, na hapa nyumbani hapakuwa na kingine changu mwenyewe cha kuuza. Kwa hiyo nimemwomba Jenifa, yule mwenye genge hapa kituoni, ampe konda wa basi bahasha hii. Ukijibu, mpe konda huyohuyo, naye atamwachia Jenifa.

Mama mdogo, nimechaguliwa. Tena vyuo viwili, na vyote ni vya meno! Tangu juzi siwezi kukaa mahali pamoja. Nimepepeta debe nne za alizeti bila kuchoka mpaka mama akaniuliza kama nina homa.

Cha kwanza ni cheti cha usaidizi wa kliniki ya meno, hapo Singida mjini, mwaka mmoja. Ada ni milioni moja na laki nne. Cha pili ni stashahada ya fundi sanifu wa meno, wale wanaotengeneza meno ya bandia. Hiyo ni miaka mitatu na chuo kiko Dar es Salaam. Ada na chakula na malazi ukijumlisha vinakaribia milioni mbili na nusu kwa mwaka, na hapo ndipo nitalazimika kuomba mkopo wa serikali wa wanafunzi. Mwalimu wangu wa kemia anasema kozi hiyo wanakopesha, ila si lazima wakupe yote.

Moyo wangu uko kwenye miaka mitatu. Unajua meno yangu. Maji ya kisima chetu yaliyatia rangi ya kahawia kabla sijajua kusoma, na picha yangu ya kumaliza kidato cha nne nimefunga mdomo kama mtu aliyegombana na mpiga picha. Nataka kujua meno kuliko wanavyoyajua watu wengine wote.

Ila sitaki kuamua kwa moyo peke yake. Wewe ndiye mtu wa meno katika ukoo wetu, kwa hiyo nakuuliza wazi, unisamehe kama nakosa adabu. Unapata kiasi gani kwa mwezi? Fundi sanifu anapata kiasi gani? Na mkopo wakianza kukata, kinabaki nini cha kuishi?

Chuo cha Dar wanataka jibu na malipo ya kwanza kabla ya mwezi wa nane kuisha. Nijibu upesi.

Mwanao,
Emiliana Calist

*

Manyoni,
9 Julai 2024

Mwanangu Emiliana,

Marahaba. Barua yako nimeipata ikiwa na harufu ya vitunguu vya Jenifa. Nimeisoma mara mbili nikiwa kazini, na daktari wangu akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia mtoto wa dada yangu amechaguliwa. Hongera sana. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuchaguliwa sehemu mbili kwa mpigo.

Sasa nisikilize. Chukua mwaka mmoja, hapo Singida.

Nakupa sababu. Msaidizi aliyemaliza kozi, kwenye kliniki binafsi za huku kwetu, anaanza na laki mbili na nusu hivi. Si nyingi, lakini mwaka kesho wakati kama huu utakuwa tayari unazishika, na hakuna mtu atakayekuwa anakudai. Fundi sanifu anaweza kuanza na laki saba, sikatai. Lakini huyo atakuwa amekaa miaka mitatu bila kuingiza kitu, na akitoka ana deni la mamilioni. Na je, kazi ikichelewa? Deni halijui kwamba umekosa kazi. Deni halina likizo wala sikukuu.

Umeniuliza mshahara wangu. Mshahara wa mtu ni jambo lake na mwajiri wake, mwanangu, hauandikwi kwenye barua inayosafiri na konda. Jua tu kwamba nakula, nalala ndani, na simdai mtu wala sidaiwi. Hilo ni kubwa kuliko unavyodhani.

Ndoto ni nzuri. Lakini usisaini karatasi yoyote ya mkopo, ya mtu yeyote, kabla hujaniandikia tena. Nakuomba hilo kama mama.

Msalimie mama yako na baba yako. Mwambie baba yako ajifunge mkanda wa mgongo.

Mama yako mdogo,
Felista Antipasi

*

Ihanja,
15 Julai 2024

Mama Mdogo,

Shikamoo.

Nakushukuru kwa jibu, ingawa sitakuficha kwamba limeniuma. Nilidhani wewe ndiye ungekuwa wa kwanza kuniambia niende. Nilimsomea mama barua yako, na yeye akasema maneno ambayo pengine nisingeyaandika, lakini nayaandika kwa sababu yananikaa moyoni. Alisema tangu utoto wenu wewe ulipenda kuwa peke yako kwenye kiti, na kwamba huenda hupendi nikae juu yako. Baba akamkatiza. Lakini na mimi nimejiuliza. Umenipa hesabu za kila mtu isipokuwa zako.

Basi nikupe habari njema. Njia imepatikana!

Tatizo letu lilikuwa malipo ya kwanza. Mkopo wa serikali, hata wakinipa, majina hayatoki mpaka mwezi wa kumi au wa kumi na moja, na chuo kinataka milioni moja na laki mbili mwezi wa nane. Baba alitaka kuuza maksai wote wawili. Nikamwuliza mwakani atalima na nini.

Ndipo akatokea Mzee Mazengo, yule mwenye duka la pembejeo. Anakopesha watu, na amekubali kutupa milioni moja na nusu. Anachotaka ni hati ya kimila ya shamba letu akae nayo mpaka tutakapomaliza. Riba ni asilimia ishirini kwa mwezi. Nilipouliza kama si nyingi, alisema mkopo wa serikali ukitoka namlipa mara moja, kwa hiyo riba haitakuwa na muda wa kukua. Ni miezi mitatu tu, minne ikizidi.

Tunasaini Ijumaa hii, tarehe kumi na tisa, baada ya sala ya mchana, kwa sababu shahidi mmoja ni Mwislamu na anatoka msikitini saa nane. Baba amekwishaitoa hati kwenye sanduku. Ninapoandika naiona hapa mezani.

Uliniomba nisisaini kabla sijakuandikia. Ndiyo nimekuandikia.

Mwanao,
Emiliana

*

Manyoni,
17 Julai 2024

Emiliana,

Naandika nimesimama, basi linaondoka baada ya nusu saa. Ningempigia baba yako simu, lakini simu yake inasikika mpaka kwa jirani, na ninayotaka kukuambia sijawahi kumwambia mtu. Soma peke yako. Usimsomee mama yako.

Msisaini.

Mimi sina cheti cha meno. Sijawahi kuwa nacho. Mwaka 2010 nilikuwa na miaka ishirini na minne, nami nilichaguliwa kama wewe, nikakosa usingizi kwa furaha kama wewe. Chuo kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa. Sikuuliza kama kimesajiliwa, kwa sababu sikujua kwamba hilo ni swali. Ada nilikopa kwa mtu wa namna ya Mazengo, kwa riba ya namna hiyohiyo, na mimi pia niliambiwa ni miezi mitatu tu. Mwezi wa tano wa masomo tulikuta mlango wa chuo umefungwa kwa kufuli na walimu hawapo. Deni langu la laki nane lilikuwa limekaribia milioni mbili.

Unalikumbuka shamba la bondeni, lile ambalo babu yako alimwahidi mama yako? Mmeambiwa liliuzwa kwa ajili ya matibabu ya babu. Babu hakutibiwa kwa fedha ile. Aliliuza kunilipia mimi, na akaniambia nikae kimya, kwa sababu hakutaka dada yangu anichukie. Amekufa na siri hiyo. Tangu tumzike, sijaja nyumbani kwa Krismasi hata moja, na kila mwaka natoa sababu ya kazi. Si kazi. Ni kwamba siwezi kukaa jikoni na mama yako na kula ugali wa mahindi ya shamba la kukodi, wakati la bondeni lingekuwa lake.

Hapa kliniki niliingia kama mfagiaji. Daktari akaona nashika taa vizuri, akanifundisha kuchemsha vifaa, kukoroga dawa, kumwandaa mgonjwa. Nimeijua kazi kwa mikono. Lakini karatasi sina, na kwa hiyo napata laki moja na themanini, na nitazidi kupata hiyohiyo. Sasa umejua mshahara wangu.

Sikukataza miaka mitatu kwa wivu. Nilikataza kwa woga. Na baada ya kusoma barua yako usiku mzima nimeona kwamba woga wangu si hesabu. Sijui kama fundi sanifu analipa deni lake na kubaki mzima. Namjua mtu mmoja anayejua. Anaitwa Gabrieli, ni fundi sanifu, amepanga chumba cha kazi nyuma ya kliniki yetu. Nimemwomba ushinde kwenye karakana yake wiki moja, ukilala kwangu, uone kazi kwa macho yako, umwulize fedha zake naye atakujibu. Hana siri za kijinga kama zangu.

Nauli iko ndani ya bahasha. Njoo Jumatatu. Na hati ya baba yako irudi kwenye sanduku.

Felista

*

Ihanja,
20 Julai 2024

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Keti kwanza kabla hujaendelea kusoma.

Alhamisi mimi nilikuwa kisimani. Baba alipita kwa Jenifa kununua chumvi, Jenifa akampa bahasha. Baba aliona mwandiko wako, akajua ni habari za ada, akaifungua. Mama alikuwa uani anapepeta. Baba akakaa kwenye kiti chake akaanza kumsomea kwa sauti, kama anavyosoma barua zote, na wewe unajua baba akianza kusoma hasimami. Alipotambua kwamba umeandika nisimsomee mama, alikuwa ameshapita. Nilivyoingia na ndoo kichwani, baba alikuwa amefika kwenye habari za shamba la bondeni.

Nakuomba usilie. Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Mama aliweka ungo chini, akatoka, akaenda njia ya bondeni. Tulimfuata kwa macho. Alisimama kwenye mpaka wa lile shamba kwa muda mrefu, huku mwenye shamba wa sasa akimsalimu bila kujua anamsalimu kwa lipi. Aliporudi alinawa mikono, akakaa, akaniambia:

"Mwandikie Felista. Mwambie shamba lile lina mawe mpaka leo, nimeyaona. Nimemkosa mdogo wangu miaka yote hii kwa sababu ya mawe?"

Kisha akalia, lakini si kilio cha hasira. Mama ananisikia naandika, anasema niongeze kwamba yale maneno ya kiti anayafuta, na kwamba babu alikosea kuwanyamazisha, Mungu amrehemu.

Ijumaa baba alikwenda kwa Mzee Mazengo peke yake. Alimwambia hatusaini. Mzee hakukasirika. Alisema wateja wapo, tumempotezea wino tu. Hati iko sandukuni, na sanduku lina kufuli jipya ambalo mama amelinunua na ufunguo anao yeye.

Kwa hiyo sasa sina malipo ya kwanza na sijui nitachagua kipi, lakini mama mdogo, najisikia mwepesi kama unyoya. Jumatatu nipo kwenye basi. Mama ananipa kuku wawili nikuletee, na wewe ndiye utakayewapokea pale stendi, kwa sababu mimi nitakuwa na begi.

Mwanao,
Emiliana

*

Manyoni,
28 Julai 2024

Kwa Baba na Mama,

Shikamooni. Kuku walifika wazima. Mmoja alikata kamba karibu na Mkiwa akatembea mpaka kwa dereva, abiria wakacheka njia nzima, lakini alifika.

Nina mambo mengi sijui nianze na lipi. Nianze na karakana.

Ni chumba kimoja chenye dirisha kubwa. Rafu zimejaa midomo ya watu ya plasta. Daktari akichukua kipimo cha fizi za mgonjwa, fundi Gabrieli anamimina plasta, ikikauka anapata umbo la mdomo wa mtu yule, kila kona yake. Juu yake anajenga kwa nta, anapanga meno, anachonga fizi, halafu nta inaondolewa na mahali pake inaingia plastiki ya waridi. Siku ya kwanza nilifagia tu. Siku ya pili alinipa nta na kisu, akaniambia nichonge jino lolote. Nikachonga la kwangu, la mbele. Aliligeuza kwenye mwanga, akalitupa, akasema nichonge lingine. La saba hakulitupa.

Sasa Mzee Eliya. Ni mstaafu wa reli, meno ya juu yote yametoka. Amefiwa na meno yake, ndivyo anavyosema mwenyewe. Anakuja na mkewe, ambaye ndiye anayemtafsiria, maana maneno yanapita kwenye fizi yanatoka upepo mtupu. Fundi alikuwa amemaliza kumpangia meno kwenye nta, meupe mazuri. Mzee akayajaribu, akajitazama kwenye kioo, akayavua. Akasema hayo si yake. Fundi akayarekebisha urefu. Mzee akayavua tena. Fundi akaanza kuchoka.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nashika kioo. Nikaona meno ya chini ya mzee yana kahawia kama yangu. Amekulia kijiji chenye maji kama yetu. Nikamwambia fundi kwa sauti ndogo kwamba labda tatizo ni weupe. Mtu wa maji yetu ukimpa meno kama ya tangazo la dawa ya mswaki, anaona mdomo wa mtu mwingine usoni kwake. Fundi alinitazama, kisha akafungua kisanduku chenye meno ya mfano ya rangi zote, akaniambia nichague mimi. Nilichukua dakika nyingi. Nilichagua sita ya mbele yenye umanjano, na mawili yaliyokolea kidogo zaidi, nikayapanga mwenyewe kwenye nta, yeye akinishika mkono pale nilipopotoka.

Jana yalikuwa tayari. Mzee akayavaa. Alifunga mdomo, akafungua, akajitazama muda mrefu, akageuka kwa mkewe.

"Jesca," akasema.

Mama yule alikaa chini palepale kwenye benchi. Ametuambia jina lake halijatamkwa sawasawa ndani ya nyumba yao kwa miaka minne.

Fundi hakunisifia mbele yao. Walipoondoka ndipo aliposema kwamba kupanga meno kunafundishwa, lakini kule kuona nilikoona hakufundishwi.

Na fedha nimemwuliza, baba, usidhani nimesahau. Amenijibu bila kuficha, na mama mdogo alikuwepo anasikiliza. Alikopa kama milioni sita kwa miaka yote mitatu. Alipomaliza alikaa mwaka mmoja na miezi miwili bila kazi, na anasema huo ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote, kwa hiyo woga wa mama mdogo si wa bure. Kisha akapata kazi ya laki saba. Wakamkata asilimia kumi na tano, yaani laki moja na elfu tano, akabaki na kama laki tano na tisini na tano, makato mengine ukiyaacha. Alikatwa miaka mitano, akamaliza. Sasa kazi zinamfuata kwa basi kutoka Singida na Itigi, na kuna wiki anazikataa.

Mama mdogo na mimi tulikaa mezani tukapiga hesabu. Nikichukua mwaka mmoja, ndani ya ile miaka miwili ambayo wenzangu wa stashahada bado wako darasani, mimi ningekuwa nimeingiza milioni sita. Hiyo ni hasara ya kweli, tuliiandika. Lakini fundi sanifu, hata akikatwa deni, anamzidi msaidizi laki tatu na arobaini na tano kila mwezi. Ndani ya mwaka mmoja na nusu wa kazi ile milioni sita imerudi. Kazi ikichelewa mwaka, inarudi baadaye zaidi, lakini inarudi. Na mdai wake hakutumii mtu mlangoni kuchukua shamba. Anasubiri mshahara, ndipo akate.

Mama mdogo aliitazama karatasi ile, akaipindua, akaitazama tena. Akasema, "Nenda."

Naomba baraka zenu niende miaka mitatu. Na chuo nimekiulizia usajili, fundi mwenyewe alisoma hapo. Kilichobaki ni malipo ya kwanza, ambayo bado sijui yatatoka wapi.

Mtoto wenu,
Emiliana

*

Ihanja,
4 Agosti 2024

Felista na Emiliana,

Mimi si mwandishi. Mnanijua.

Tumekubali. Baba yako ameuza maksai mmoja, si wawili. Jirani yetu naye ana mmoja, watalima kwa kuunganisha. Alizeti tumeuza gunia kumi na mbili bila kusubiri bei ipande. Tumetimiza milioni moja na laki moja. Iliyobaki laki moja nimepata kwa kikundi chetu cha kina mama, riba yake ni shilingi elfu tano, na nimesoma karatasi yote kabla ya kusaini. Nimeisoma mara mbili.

Felista, ile nafasi ya Singida ambayo Emiliana anaiacha imenikaa kichwani. Najua hairithiwi kama kitenge. Lakini wewe kidato cha nne ulifaulu, mimi ndiye niliyekupokea na cheti mkononi. Una miaka thelathini na minane. Mwaka mmoja ni kitu gani?

Njoo nyumbani tuongee. Usinipe sababu ya kazi.

Dada yako,
Klara

*

Singida mjini,
10 Novemba 2024

Mwanangu Emiliana,

Barua yako ya Dar imenifikia. Nimefurahi mno kwamba mkopo umetoka, hata kama si wote. Pengo la laki nne kwa mwaka usilale unaliwaza. Nilipokuwa nyumbani mwezi uliopita, nimekaa jikoni na mama yako, baba yako aliniambia mafuta ya alizeti yamepanda bei, na mama yako ameongeza banda la kuku. Kama nitakavyosema hapa chini, mimi sitaweza kuchangia mwaka huu.

Nimeanza chuo. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nione kama nitaweza kukaa darasani bila kukimbia.

Niliomba kama mtu mwingine yeyote, dirisha la pili la maombi. Kabla ya kulipa nilikwenda mwenyewe ofisini, nikaomba kuonyeshwa cheti cha usajili. Binti wa mapokezi alinishangaa, lakini akanionyesha kilipo ukutani, nikasoma mpaka tarehe. Ada nimelipa kwa akiba yangu ya miaka kumi na miwili, milioni moja na laki nne, na akaunti imebaki kavu kama mto wa mwezi wa tisa. Sikukopa. Hesabu yangu si kama yako, kwa sababu umri wangu si wako. Daktari ameahidi kwamba nikirudi na cheti ataniongeza kutoka laki na themanini hadi laki mbili na themanini. Ada itarudi ndani ya miezi kumi na minne ya kazi. Wewe miaka mitatu ilikufaa, mimi mwaka mmoja unanifaa, na nimeacha kuona aibu kwamba majibu yetu hayafanani. Jumamosi daktari ananiruhusu kwenda Manyoni kufanya kazi, kwa hiyo chakula kipo.

Darasani tuko thelathini na mmoja. Wengi ni wa miaka kumi na tisa, ishirini. Siku ya kwanza nilipoingia walisimama wote wakaniamkia shikamoo, wakidhani mimi ndiye mwalimu. Nikawaambia marahaba, kaeni, kisha na mimi nikaenda kukaa kiti cha nyuma. Walicheka mpaka mwalimu wa kweli akaingia akauliza kuna nini.

Wiki iliyopita tulikuwa na somo la vitendo. Mwalimu alimwita mmoja mmoja ashike taa na mrija wa kunyonya mate. Wasichana wanatetemeka, wanamgonga mgonjwa kwenye meno. Zamu yangu ilipofika nilishika kama ninavyoshika siku zote. Mwalimu akaniuliza nilisoma wapi kabla ya hapa. Hilo ndilo swali ambalo nimelikimbia miaka kumi na minne, Emiliana. Nikamjibu mbele ya watoto wote wale kwamba sikusoma popote, nilikuwa mfagiaji. Alinitazama, akasema, "Basi kaa mbele, uwaonyeshe wenzako." Tangu siku hiyo nakaa mbele, na jioni wanakuja chumbani kwangu tunafanya mazoezi kwa kijiko na tochi ya simu.

Kesho asubuhi tuna mtihani wetu wa kwanza. Tunatakiwa kuandika majina ya meno yote thelathini na mawili, kwa mpangilio, na namba zake. Kwa mkono nayajua yote, hata gizani. Kwa kalamu bado kumi na moja yananisumbua.

Nafunga barua hapa, nikayasome.

Mama yako mdogo,
Felista Antipasi,
mwanafunzi